Ukifuta skrini kwa PUSH, anza na DI

Kila nikiona programu ya ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya zamani, inayofuta skrini kwa LDIR, amri ya prosesa inayonakili kumbukumbu baiti kwa baiti, roho inaniuma. Naelewa inavyovutia. Unaandika sifuri kwenye baiti ya kwanza, HL (moja ya rejista, yaani vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) inaelekezwa hapo, DE kwenye baiti ya pili, BC inabeba idadi kasoro moja, halafu LDIR inaisukuma sifuri ile baiti kwa baiti mpaka mwisho. Mistari mitano tu.

Lakini shika kalamu upige hesabu. LDIR inakula mapigo 21 ya saa ya prosesa kwa kila baiti. Picha ya skrini ni baiti 6144, kwa hiyo mapigo 129,000 yamekwenda. Kwenye Spectrum ya mwaka 1982, yenye prosesa ya Z80 ya megahezi 3.5, fremu moja, yaani mchoro mmoja kamili wa skrini, ni mapigo 69,888. Karibu fremu mbili zimeisha na hujachora hata nukta moja.

PUSH, amri ya kuweka kitu kwenye staki (akiba ya muda kwenye kumbukumbu, inayokua kuelekea chini), inaandika baiti mbili kwa mapigo 11. Ielekeze SP, rejista inayoonyesha staki ilipofika, kwenye anwani 22528, pale picha inapoishia, weka sifuri kwenye HL, panga PUSH HL 16 mfululizo, kisha DJNZ, amri ya kurudia kitanzi, izirudie mara 192. Jumla ni mapigo 36,000 na ushee, nusu ya fremu. Na staki haikuwekwa kwa kazi hii hata kidogo! Ndiyo maana nashikilia kwamba anayejifunza asembli ajaze kumbukumbu kwa njia zote mbili na ahesabu mapigo kwa mkono wake. Hapo ndipo anapoona kwamba msimbo mfupi na msimbo wa haraka ni vitu viwili.

Sasa kuhusu DI, amri inayozuia makatizo. Wakati fulani niliiacha makusudi. Niliwaza hivi: katizo, ishara inayoisimamisha programu kidogo ili prosesa ifanye kazi nyingine, linalokuja mara 50 kwa sekunde litaandika chini ya SP, na PUSH zinazofuata zitayafunika hayo yote kwa sifuri. Hoja hiyo ni sahihi karibu njia nzima. Hata hivyo programu ilikuwa ikiganda, si kila mara, pengine baada ya kufuta skrini mamia ya mara, na nilihangaika siku tatu kabla ya kuelewa.

Skrini inaanzia 16384, na chini yake ni ROM, kumbukumbu ya kusomwa tu. Katizo likiangukia pale SP inapomalizia baiti za mwisho, prosesa inajaribu kuweka anwani ya kurudia ndani ya ROM, mahali pasipoandikika. RET, amri ya kurudi, inapokuja kuichukua, inakuta baiti za ROM zilizokuwapo tangu kiwandani, na programu inarukia huko zinakoelekeza.

Kwa hiyo: DI, hifadhi SP, jaza, rudisha SP, ndipo EI, inayoruhusu makatizo tena. EI ikitangulia kabla SP haijarudi, umefungua mlango uleule. LDIR naiachia menyu, ambako fremu mbili hazimuumizi mtu.