Milioni 51 Kabla ya Mlango Kufunguliwa

Nilipopewa kazi ya kumtengenezea Hajati mmoja programu ya mauzo ya duka lake la vifaa vya ujenzi, nilitaka aione jumla ya siku papo hapo kwenye simu, bila MySQL, mfumo unaohifadhi data za programu, kuhesabu upya maelfu ya risiti kila anapochungulia. Niliunda jedwali la muhtasari lenye mstari mmoja kwa kila siku, nikaweka triga mbili, yaani amri zinazojiendesha zenyewe jedwali la risiti linapobadilika: moja ikijumlisha kila risiti inapoingia, nyingine ikitoa kila risiti inapofutwa.

Saa saba usiku wa kuamkia ufunguzi nilifanya majaribio, nikajiuzia mifuko 3,000 ya simenti kwa shilingi 17,000 kila mmoja. Nikafuta risiti zote kwa amri ya TRUNCATE, maana ni ya haraka, nikalala fofofo.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu," alisema Hajati kwa unyenyekevu mkubwa, "tumeshauza milioni 51, na mlango bado una komeo. Hiyo dua umeisoma wapi?"

Kumbe TRUNCATE haipiti risiti moja baada ya nyingine kama DELETE, amri ya kawaida ya kufuta. Hulitupa jedwali zima na kutandika jipya, kwa hiyo triga ya kufuta haiamshwi kamwe. Mwongozo wa MySQL unalisema hilo waziwazi, nami mwongozo huo nilikuwa nikiuheshimu kwa mbali.

Kwa aibu nikaufuta mstari wa siku ile kwenye muhtasari, nikamwomba Hajati aendelee na biashara. Kufikia adhuhuri wateja walikuwa wamejaa hadi barazani, na jumla ilikuwa sifuri. Triga yangu ilijua tu kuongeza kwenye mstari uliopo, ule unaozalishwa na programu kila saa sita usiku. Isipoukuta, amri yake ya kurekebisha, UPDATE, hairekebishi chochote wala hailalamiki.

Jioni niliiandika upya kwa INSERT, amri ya kuingiza mstari, yenye ON DUPLICATE KEY UPDATE, ili mstari usipokuwapo uundwe na ukiwapo uongezewe, kisha nikaikokotoa jumla upya kutoka kwenye risiti zenyewe. Ikalingana na daftari la karani. Hajati aliitazama simu kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile milioni 51 haiwezi kurudishwa kidogo tu, jirani yake mwenye duka la mabati akija kumtembelea.