Sigara ya Bi Kidude

Tulipomzika bibi yangu mzaa mama, msomaji wa wasifu alisimama na karatasi yake: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto saba, alikuwa mchapakazi, mkarimu, mpenda watu. Nilikuwa nimekaa mkekani nikijiuliza anayesomewa ni nani. Bibi yangu alikuwa akimenya chungwa kwa kisu, ganda likishuka refu bila kukatika, kisha analitundika kwenye msumari wa jikoni likauke, aje awashie mkaa. Likikatika njiani, chungwa lile halili. Anampa mtoto aliye karibu. Wajukuu tulikuwa tunaomba likatike. Kwenye karatasi hayo hayakuwemo.

Bi Kidude naye, alipofariki Aprili 17, 2013, wengi tulimlilia kama malkia wa taarabu. Ni jina analostahili, na tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, alishapewa mwaka 2005. Lakini malkia anaweza kuwa mwimbaji yeyote mkubwa. Sema badala yake: kikongwe mwembamba wa Unguja, miguu peku, sigara vidoleni, sauti nzito yenye mkwaruzo, msondo, ile ngoma ndefu, ameufunga kiunoni kwa kanga na kuupanda kama anayekwenda safari. Hujataja jina, na aliyewahi kumwona ameshamjua.

Najua kwa nini sigara huachwa nje ya wasifu. Marehemu husitiriwa, na mimi nimelelewa katika adabu hiyo. Ila kinachositiriwa ni aibu, na yeye sigara yake aliivuta mbele ya wageni na mbele ya kamera. Mwondolee sigara, mvalishe viatu, mnyang'anye msondo wa unyago uliowafunda wanawali mambo yasiyosemwa barazani, na utabaki na bibi yeyote mwenye kanga. Kwangu mimi huko ni kumzika mara ya pili.

Mwalimu Nyerere tumemtendea vizuri zaidi, maana kifimbo chake hakuna aliyekisahau. Hata hivyo meno yake yaliyochongwa kwa mila ya Wazanaki hatuyataji sana, ilhali yanatueleza alikotoka kuliko ile sentensi ya kila kitabu kwamba alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa chifu.

Wala si kila kitu kidogo kinafaa. Ukiandika kwamba marehemu alipenda chai, hujamtambulisha mtu yeyote katika pwani nzima. Tafuta kile ambacho mwingine hawezi kukiazima: anavyobisha hodi, anachokishika akikasirika, neno analolianza kila siku na halimalizi.

Kwenye kumbukumbu ya mwaka ya bibi niliomba nafasi, nikasimulia habari ya ganda la chungwa. Mama mdogo hakuningoja nimalize. Alinisahihisha kutoka nyuma, kwa sauti: kisu nimekisahau, mpini wake ulikuwa umevunjika, bibi akaufunga kwa mpira wa baiskeli.