Ajali gani hiyo?

Mmeuita moto wa msitu wa New Mexico wa 2022 "ajali". Jamani! Ilikuwa mioto miwili. Wa kwanza Idara ya Misitu ya Marekani iliuwasha yenyewe tarehe 6 Aprili, msimu wa upepo na ukame, ili kupunguza kuni msituni, ukaiponyoka. Wa pili ulitokana na marundo ya matawi ambayo idara hiyohiyo iliyachoma Januari, yakafukuta chini kwa chini hadi Aprili. Mioto ikaungana, ekari zaidi ya 341,000 zikateketea. Sipingi uchomaji wa mapema, yaani kuchoma msitu kwa mpango kabla moto mkubwa haujaja. Msitu usiochomwa hujilimbikizia kuni. Lakini mwenye shamba moto ukimponyoka hushtakiwa, ila serikali ina kinga kisheria kwa maamuzi ya aina hii. Ndiyo maana ilibidi Congress, bunge la Marekani, itunge sheria maalumu ya fidia, tena miezi kadhaa baadaye, watu washaunguliwa nyumba.