Kidonge kimoja cha primakwini: tupime G6PD kwanza?

Kidonge kimoja cha primakwini anachopewa mgonjwa wa malaria hakimponyi yeye. Dawa ya kumponya ni nyingine. Hiki huua vimelea ambavyo mbu angevichukua na kumpelekea jirani. Dozi ni ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito. Lakini tangu 1956 inajulikana kuwa primakwini hupasua seli nyekundu za damu kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda seli hizo. Basi hapa Zanzibar tumpime mtu kwanza, au tumpe tu?

Jibu limo ndani ya umbo la kimeng'enya chenyewe. G6PD ni mnyororo wa asidi amino 515, na haufanyi kazi ukiwa peke yake, mpaka miwili ishikane, au minne. Karibu na maungio hukaa molekuli ya NADP ambayo haiingii katika kazi. Inashikilia tu, kama kamba zilivyoshona mbao za mtepe. Zikilegea, chombo kinaachana.

Katika aina ya upungufu iliyoenea Afrika, asidi mbili zimebadilika, ya 68 na ya 126. Kimeng'enya kinatengenezwa, ila kinalegea mapema. Seli nyekundu haina kiini, haiwezi kuunda kingine, na huishi siku kama 120. Kwa hiyo seli kongwe ndizo zinazopasuka, changa zinabaki na akiba. Hii ndiyo nguvu ya wasemao tusipime, na Shirika la Afya Duniani lilisema hivyohivyo mwaka 2012 kuhusu dozi hii moja. Mama wa Micheweni akiambiwa aende kwanza hospitali kupimwa, huenda kidonge hakitamezwa.

Upande wa pili nao una hoja, na kwetu ina uzito wa pekee. Ipo aina kali zaidi, asidi ya 188, ambayo hata seli changa zina akiba haba. Imeenea Oman na India, na wengi wetu tuna babu huko.

Mimi nasema dozi moja isizuiwe, ila mgonjwa aambiwe wazi: mkojo ukiwa mweusi kama chai kavu, arudi upesi. Dozi ya siku 14, ya malaria ya vivaksi (aina ambayo vimelea vyake hujificha kwenye ini), isitolewe bila kipimo. Na kipimo kiwepo wanapozaliwa watoto, hasa wa kiume, kwa kuwa jeni iko kwenye kromosomu ya X, na mwanamume anayo moja tu. Mtoto mwenye upungufu huu akivishwa kanga iliyotoka sandukuni na harufu ya naftalini, macho yanaweza kugeuka manjano hata kama hajaguswa na malaria.