Homoni ya kiume: kabla ya kuongeza dozi, itazamwe kalenda

Mwanamume ambaye korodani zake, au tezi ya pituitari inayoziamuru, zimeshindwa kutoa testosteroni ya kutosha huandikiwa homoni hiyo na daktari, na si ajabu baada ya miezi michache akarudi akilalamika kwamba dawa haimfai. Kwa kawaida lawama huangukia dozi. Mimi naona ratiba ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza.

Tuchukue sindano ya testosteroni enanthati. Mtu akichomwa miligramu 200 kila baada ya wiki mbili, katika siku za mwanzo kiwango chake huweza kupanda kupita hata cha kijana mwenye afya, kisha kikashuka kiasi kwamba siku chache kabla ya sindano inayofuata amechoka, hana hamu, na mkewe, kwa kumtazama tu, ameshajua kwamba tarehe ya kliniki imekaribia. Damu ikichukuliwa siku ya tatu, dozi itaonekana imezidi. Ikichukuliwa siku ya kumi na tatu, itaonekana haitoshi. Wanaotaka dozi hiyo igawanywe, iwe miligramu 100 kila wiki, wana hoja nzito, kwa kuwa jumla haibadiliki bali kinachopungua ni kule kupanda na kushuka. Wanaopinga nao hawabahatishi: sindano 52 kwa mwaka ni mzigo, hasa kwa asiyeweza kujidunga mwenyewe.

Kwa mtu wa namna hiyo, testosteroni undekanoati, yaani mililita 4 za mafuta zinazosukumwa polepole kwenye tako kila wiki 10 hadi 14, huonekana kama jibu. Kasoro yake ni kwamba ikishaingia haitoki. Chembe nyekundu zikiongezeka hadi zikapita asilimia 54 ya ujazo wa damu, kiwango ambacho madaktari husimamisha tiba, mgonjwa hana la kufanya ila kusubiri dawa iishe mwilini. Kwa sababu hiyo naona ni busara kuanza na dawa ya muda mfupi. Jeli ya kila siku huleta utulivu zaidi, ila mtoto akibebwa kwenye bega lililopakwa naye huipata, kwa hiyo ni lazima ikauke, mikono ioshwe na shati livaliwe.

Mabishano haya yote yana maana ikiwa tu mtu anaihitaji tiba yenyewe. Kwetu kila udhaifu hutiwa katika kapu moja la "nguvu za kiume", pamoja na vumbi la Kongo na supu ya pweza, ilhali kinachotakiwa ni dalili pamoja na vipimo viwili vya asubuhi vinavyoonyesha testosteroni iko chini katika damu. Hata wataalamu wa Marekani hawajakubaliana: madaktari wa mfumo wa mkojo hutumia kikomo cha nanogramu 300 kwa desilita, na mwongozo wa wataalamu wa homoni wa 2018 unataja 264, hivyo mwenye 280 huweza kuwa mgonjwa kwa daktari mmoja na mzima kwa mwingine. Kuhusu moyo, utafiti uliotolewa mwaka 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,200, haukuona mshtuko wa moyo wala kiharusi vikizidi kwa waliopewa homoni, lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilijitokeza zaidi kwao.

Jambo linalotajwa kwa haraka mno kliniki ni uzazi. Testosteroni ya kutoka nje huiambia pituitari inyamaze, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu, kwa miligramu 200 kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Anayetafuta mtoto asianzishiwe kabla ya kuzungumzwa njia nyingine, kama vidonge vya klomifeni, ambavyo huzisukuma korodani zifanye kazi zenyewe, kwa sababu baada ya kuacha sindano mbegu huweza kuchukua miezi sita, mwaka au zaidi kurudi.