Erhu ughaibuni: ngozi ya chatu au plastiki?

Mwalimu wa erhu, fidla ya Kichina, anayehama Uchina kwenda kufundisha Ulaya au Marekani lazima aamue mapema: abaki na ngozi ya chatu au ahamie kwenye utando wa plastiki?

Erhu ina nyuzi mbili tu, za noti D na A, na singa za upinde hupita kati ya nyuzi hizo. Vidole havina ubao wa kukandamizia. Mtikisiko wa nyuzi hushuka kwenye kidaraja kidogo kilichokaa juu ya ngozi iliyowambwa kwenye kisanduku, basi ngozi ikibadilika, ala nzima imebadilika.

Na huko hubadilika kweli. Wakati wa baridi nyumba hupashwa joto na hewa hukauka: ngozi hukaza, sauti huwa kali ya puani, na ukavu ukizidi ngozi hupasuka. Unyevu ukizidi, hulegea na kidaraja huzama. Ngoma iliyolegea huoteshwa moto ikakaza. Erhu haivumilii hilo. Hutunzwa kwa unyevu wa chumba wa asilimia 45 hadi 60, na ikishapigwa huchomekwa kijiti chini ya nyuzi, juu ya ukingo wa mbao, zisiikandamize ngozi usiku kucha.

Halafu kuna forodha. Karibu chatu wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tangu 2013 mkataba huo unatambua cheti cha ala za muziki, cha hadi miaka 3, cha kuvukia mipaka mara nyingi. Ila hutolewa kwa anayeweza kuonyesha ngozi ilikotoka. Aliyenunua erhu ya mtumba bila karatasi anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege, siku mbili kabla ya onyesho.

Plastiki huondoa mashaka yote mawili. Orkestra ya Kichina ya Hong Kong hutumia jukwaani ala zake za utando wa poliesta tangu 2009, kwa hiyo si vitu vya kuchezea watoto. Wanaosema ni kuvunja mila wakumbuke kwamba nyuzi za hariri ziliachia chuma nafasi katikati ya karne ya 20, na erhu ikabaki erhu.

Hoja nzito ya watetezi wa ngozi ni ya mkono na sikio. Chini ya nyuzi, nyuma ya kidaraja, hukaa kipande cha sufu kinachopunguza mkoromo wa sauti. Kwenye ngozi, mpigaji hukisogeza milimita moja moja kadiri hewa inavyogeuka: kikibana mno sauti hufifia, kikilegea mkoromo hurudi. Aliyelelewa na plastiki hajawahi kulazimika kusikiliza hivyo.

Kwa maoni yetu, wanaoanza wapewe plastiki miaka miwili ya mwanzo, lakini darasani iwepo erhu moja ya ngozi, yenye karatasi zake, ambayo kila mwanafunzi ataiwekea sufu mwenyewe kabla ya kuipiga. Mwalimu naye apige ya ngozi mjini kwake. Safarini bila cheti, abebe ya plastiki.