Neck Deep na Kazi ya Ndugu Wawili wa Wrexham

Wanaoizungumzia Neck Deep, bendi ya pop panki, yaani roki ya kasi yenye melodi rahisi za pop, kutoka mji wa Wrexham, Wales, hupenda kuipima kwa mwaka 2017, wakati albamu yao ya The Peace and the Panic iliposhika nafasi ya 4 katika chati za Uingereza na nafasi hiyohiyo Marekani. Ni mafanikio ya kujivunia kwa vijana waliochagua muziki ambao Wamarekani, hasa wa California, wameuona kuwa mali yao kwa miaka mingi. Hata hivyo, naamini kilichoibeba bendi hii ni ushirikiano wa ndugu wawili, Ben na Seb Barlow, ambao nafasi za chati hazituonyeshi.

Bendi ilianza mwaka 2012, Ben akiimba na Seb akiwarekodia kazi zao za mwanzo. Mwaka 2013 walisaini mkataba na lebo ya Hopeless Records ya California, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka uliofuata. Baada ya hapo albamu tatu mfululizo zikaongozwa na maprodyuza wa Marekani. Sizibezi hata kidogo. Ile ya mwaka 2015 ina kasi na uchangamfu unaomfanya msikilizaji airudie tangu mwanzo, na katika The Peace and the Panic umo wimbo ambao Ben anasimulia jinsi wazazi wake walivyokutana, wakajenga maisha, hadi baba yake alipofariki. Anasimulia wazi, bila mafumbo, na kwangu huo ndio wimbo wao bora.

Lakini albamu ya mwaka 2024, iliyopewa jina la bendi yenyewe, ndiyo inayonishawishi zaidi. Waliirekodi kwao Wrexham, prodyuza akiwa Seb, ambaye sasa pia ndiye mpiga besi wao. Magitaa yanasikika yakiwa karibu, sauti ya Ben haijapambwa kupita kiasi, na hasira ya kisiasa iliyomo inatoka kwa watu wanaoujua mji wao. Bendi iliyokwisha kupoteza wanachama kadhaa, akiwemo mpiga drams wake wa tangu mwanzo aliyeondoka mwaka 2022, ingeweza kukimbilia prodyuza mwenye jina kubwa ili ijihakikishie soko. Natamani albamu ijayo nayo wamwachie Seb, hata kama lebo itapendekeza mtu mwingine.